Pumzi Hurudi Kwanza, Mifupa Baadaye

Wiki ya 3 ya kurudi mbioni ndiyo iliyoniponza. Mwaka ule nilikuwa nimeacha kukimbia tangu katikati ya Shaabani. Kwanza kifundo cha mguu kiliteguka ukingoni mwa barabara ya Wawi, kwetu Pemba. Kikawa kinapona taratibu, Ramadhani ikaingia. Ramadhani ikatoka, masika yakaingia. Kuja kuhesabu, wiki 9 zimekwenda, na nusu marathoni niliyojiandikisha Unguja imebakisha miezi 3. Siku ya kwanza niliporudi barabarani, kilomita 3 kutoka Gombani zilitosha kuniinamisha nikashika magoti. Wiki ya 2 ikawa afadhali. Wiki ya 3, Jumapili baada ya sala ya alfajiri, nilitoka nikajikuta mwepesi kama sijaacha hata siku moja. Nikashika njia ya Vitongoji mpaka pwani, nikageuza. Saa ya mkononi ikasoma kilomita 14 na ushei. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimekwenda 6.

Jumatano nikawa nikibonyeza muundi wa kulia kwa kidole kimoja naruka. Sikukimbia tena kwa wiki 7, na siku ya mbio nilikaa nyumbani Chake Chake nikipokea matokeo ya wenzangu kwa simu.

Nimelisimulia hili mara nyingi katika kikundi chetu cha mazoezi, na kila mwaka Idd ikishapita wanakuja watu wawili watatu na mkasa uleule, isipokuwa muundi umekuwa kisigino au goti. Neno lao ni moja: "Kaka, pumzi ninayo, mguu ndio unanigomea." Wanalisema kama lalamiko, lakini ndani yake mna maelezo yote. Mwili ukiachwa bila mazoezi haupotezi kila kitu kwa pamoja, na ukirudishwa haurudishi kila kitu kwa pamoja. Kinachotangulia kurudi ndicho kinachotudanganya.

Kinachoondoka

Cha kwanza kupungua ni maji ya damu. Mtu anayekimbia mara kwa mara huwa na damu nyingi kuliko asiyekimbia, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ni utegili, yaani ule umajimaji unaobeba chembe za damu. Ukiacha, mwili hauoni sababu ya kuubeba, na ndani ya siku chache unaanza kuupunguza. Moyo nao, ukipata damu kidogo ya kujaza kila pigo, hulazimika kupiga mapigo mengi zaidi kwa kazi ileile. Ndiyo maana mtu aliyekaa wiki 2 tu hupanda kilima chake cha kila siku na moyo ukamgonga kooni. Hajazeeka, damu imepungua maji.

Baada ya hapo hufuata mitokondria, vile vitanuri vya moto ndani ya misuli vinavyochoma sukari na mafuta kwa msaada wa oksijeni. Vikipungua, misuli huegemea zaidi kwenye sukari na kuyaacha mafuta. Hili nitalirudia tukifika kwenye chakula.

Kuna utafiti wa 1984 uliofanyika Marekani ambao hadi leo ndio wa kwanza kutajwa katika jambo hili. Wanamichezo 7 waliokuwa na mazoezi ya miaka waliacha kabisa kwa siku 84 huku wakipimwa. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 hivi katika siku 21 za mwanzo, na kufikia siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16. Kisha ukasimama. Haukuendelea kuporomoka, na bado walibaki juu ya watu ambao hawajawahi kufanya mazoezi. Hata vishipa vile vyembamba vinavyolisha misuli damu havikupungua. Kwa hiyo anayesema "nimekaa miezi 2, nimerudi sifuri" anajidhulumu. Ameshuka daraja kadhaa, bado hajafika chini.

Habari hiyo njema, kwa bahati mbaya, ndiyo inayotengeneza mtego.

Kinachorudi, na kinachochelewa

Utegili ulioondoka kwa siku chache hurudi pia kwa siku chache. Wiki moja au mbili za mbio nyepesi zinatosha kurudisha sehemu kubwa. Moyo unatulia, na unahisi kama umefunguliwa kamba. Mitokondria nazo hujengeka upya kwa wiki kadhaa. Ukichanganya na mazoea ya zamani ambayo mwili haujayasahau, unapata kile ninachokiita wiki ya miujiza, ambayo kwa wengi ni ya 3 au ya 4. Mbio zinakuwa tamu tena. Unaanza kupiga hesabu za muda utakaomaliza.

Kano na mifupa hawapo katika karamu hiyo. Kano, zile kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mfupa, zina damu kidogo, na kwa hiyo hujengeka polepole, kwa miezi. Mfupa una tabia ya ajabu zaidi. Unapoanza tena kuupa uzito, haujiongezei tu nguvu juu ya nguvu. Hutanguliza kuchimba. Chembe maalumu hula sehemu kuukuu kwa muda wa kama wiki 3, kisha chembe nyingine huja kujaza mfupa mpya, kazi inayochukua miezi 3 hivi.

Aliyewahi kukaa pwani akamtazama fundi akitia kalafati jahazi ataelewa haraka. Fundi hawezi kushindilia pamba mpya juu ya kuukuu. Kwanza huchokoa ile ya zamani katika kila mwanya baina ya mbao, na siku hiyo jahazi lililokuwa likivuja tone moja moja linakuwa na mianya mitupu. Limo katika kutengenezwa, na kwa wakati huohuo ni dhaifu kuliko lilivyokuwa jana. Atakayelishusha majini siku hiyo asije akailaumu bahari.

Mfupa wa muundi uko hivyo baina ya wiki ya 3 na ya 8 tangu uanze tena. Yaani wakati pumzi zako zinakwambia nenda, mfupa ndio kwanza umechokolewa kalafati. Mimi nililishusha jahazi Vitongoji.

Hesabu ya sehemu moja ya kumi

Wakimbiaji wote wanaijua kanuni hii: usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Inasomwa kama aya. Nimeifuata na nimeifundisha, lakini imejengwa juu ya msingi mwembamba kuliko sauti inayotajiwa. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwahi kuijaribu kwa watu zaidi ya 500 wanaoanza kukimbia. Nusu walifuata ongezeko la asilimia 10, nusu wakafuata ratiba ya kawaida iliyopanda haraka zaidi. Matokeo yalichapishwa 2008: katika kila kundi, mtu 1 kwa kila 5 hivi aliumia. Tofauti haikuwepo.

Je, tuitupe? Hapana, ila tujue inahusu nini. Utafiti mwingine mkubwa, uliochapishwa 2025 na kuhusisha wakimbiaji zaidi ya 5,000 wenye saa za kupimia, ulitazama jambo jingine. Haukuangalia jumla ya wiki. Uliangalia mbio za siku moja zikilinganishwa na mbio ndefu kuliko zote ambazo mtu amekimbia katika siku 30 zilizopita. Hapo ndipo hatari ilipojitokeza. Aliyezipita kwa zaidi ya asilimia 10 katika siku moja alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuumia, na aliyeruka zaidi ya mara 2 ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote.

Ukiusoma mkasa wangu kwa macho hayo, kosa linaonekana wazi. Jumla yangu ya wiki ile haikuwa ya kutisha. Ni Jumapili moja tu, kutoka 6 hadi 14, zaidi ya mara 2. Na makosa mengi ninayoyaona kwetu ni ya namna hiyo: katikati ya wiki mtu ana shughuli zake, halafu Jumapili kikundi kizima kinatoka, kuna nyimbo za mchakamchaka, kuna utani, na aliyekaa miezi 2 anaona haya kugeuza njiani peke yake. Geuza. Wenzako watakucheka mpaka saa 2 asubuhi, basi.

Sasa tuifanye hesabu yenyewe, kwa sababu inaumbua. Sema baada ya wiki 2 za kutembea na kukimbia, mbio zako ndefu ni kilomita 5. Ukiongeza sehemu 1 ya 10 kila wiki bila kukosa hata moja, wiki ya 12 utakuwa kwenye kilomita 14 na kidogo. Kufika 21 utahitaji wiki 16. Na hapo hujaugua mafua, hujapata msiba wa kuhudhuria Micheweni, hujanyeshewa mvua ya siku 4 mfululizo. Kwa hiyo mwenye miezi 3 mkononi baada ya kuacha kwa muda mrefu ana njia chache za haki. Anaweza kukimbia kilomita 10 mwaka huu, kama mbio zake zina umbali huo. Au anaweza kuingia 21 akiwa amefika 14 au 15 mazoezini, kwa makubaliano na nafsi yake kwamba atachanganya mbio na kutembea tangu kilomita ya kwanza, siyo baada ya kuzidiwa. Mwenye ndoto ya marathoni kamili, kilomita 42 na mita 195, kwa miezi 3 baada ya kuacha kwa wiki 9, namwambia moja kwa moja asubiri mwaka ujao.

Aliyeacha kwa muda mfupi asijitie hofu isiyo yake. Wiki 1 si kitu, endelea ulipoachia. Wiki 2 au 3, anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya. Mwezi na zaidi, theluthi. Miezi 2 na kuendelea, au kama kilichokusimamisha ni jeraha, jihesabu mgeni: dakika 2 za mbio, dakika 1 ya kutembea, mara 8 au 10, siku 3 kwa wiki, na siku moja ya kupumzika baina yao. Kila wiki ya 4 punguza kidogo badala ya kuongeza. Mfupa unajenga zaidi siku unayoupa nafasi.

Salamu za baraza

Watu huniuliza waende kwa kasi gani, nami siwapi dakika. Kasi ya mwaka jana usiitumie, kwani huna mwili wa mwaka jana. Kipimo changu ni cha kwetu Pemba, ambako huwezi kupita mbele ya baraza ukanyamaza. Ukifika penye wazee wamekaa, toa salamu, itikia, ulizia nyumbani, ulizia watoto, aga. Kama umeyamaliza yote kwa sauti ya kawaida, uko sawa. Kama umeishia kwenye salamu ya kwanza na mengine umeyajibu kwa kunyanyua mkono, unakwenda mbio mno. Katika wiki 6 za mwanzo, karibu mbio zako zote ziwe za kumaliza salamu.

Vilima vyetu navyo vina faida watu wasiyoijua. Unguja kuna tambarare, huku ukitoka Chake kwenda upande wowote utapanda na kushuka. Wengi huogopa kupanda kwa sababu kunachosha, na hufurahia kushuka kwa sababu hakuna jasho. Kwa anayerudi, mambo ni kinyume. Unapopanda, mguu hauangukii mbali, kishindo ni kidogo, na moyo unapata kazi nyingi kwa mwendo mdogo. Unapoteremka, kila hatua ni kishindo kwenye muundi na goti, na misuli ya paja hufanya kazi huku ikivutwa, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani kwa kuizuia kamba isimponyoke. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogondogo za misuli na kukuacha siku ya pili huwezi kukaa wala kuinuka. Basi panda kwa mbio ndogo, shuka kwa kutembea, kwa mwezi wa kwanza mzima. Baadaye anza kuteremka kidogokidogo, kwa sababu misuli iliyoumia kidogo mara moja hujikinga kwa wiki kadhaa. Anayeumwa kano ya nyuma ya kisigino ndiye pekee ninayemwambia aache kupanda, maana kilima huivuta kano hiyo.

Mchanga, kwa ufupi. Kukimbia pwani kunapendeza, na siku za bamvua maji yakitoka Vumawimbi kunakuwa uwanja. Lakini mchanga mlaini hukizamisha kisigino na kuitesa kano hiyohiyo, na pwani nyingi zimelala upande, mguu mmoja juu na mmoja chini. Kama ni lazima, shika penye mchanga mgumu wa majimaji na rudi kwa njia uliyoendea, ili miguu igawane taabu.

Kuna zoezi moja tu la nyumbani ambalo ningekulazimisha kama ningekuwa na mamlaka. Simama kwenye kizingiti au ngazi ya baraza kwa ncha za miguu, visigino vikining'inia, panda juu taratibu, shuka taratibu. Anza kwa miguu miwili. Lengo ni kufika mara 20 au 25 kwa mguu mmoja. Ni dakika 5 wakati chai inachemka, na huifanyia kano kazi ambayo mbio peke yake haziifanyi.

Maumivu ya kusikiliza

Hapa huwa anatajwa John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, jiji lililo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Mtanzania huyu alianguka katika marathoni, akaumia goti, akafungwa bendeji na kuendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, nafasi ya 57, kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27, washindi wakiwa wameshavishwa medali. Ni heshima ya nchi na sina la kupunguza. Ila nimechoka kumsikia akitumiwa na kijana mwenye ufa wa mfupa katika mazoezi ya Jumanne. Akhwari alikuwa amejiandaa, akapata ajali ndani ya mbio. Sisi tunachechemea katika mbio tusizojiandalia.

Maumivu ya misuli yana tabia ya kuenea: mapaja yote mawili, au mashavu yote ya miguu, yanakuwa mazito, yanauma zaidi siku ya 2, na ukianza kutembea yanalegea. Hayo ni ya kawaida. Maumivu ya mfupa hukaa mahali pamoja. Unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole. Hayalegei ukishapata joto. Yanazidi hatua kwa hatua, na mwisho yanakufuata mpaka kitandani usiku. Ukiyaona hayo, acha siku hiyohiyo na nenda ukaonwe. Usijaribu "nusu ya mbio". Picha ya eksirei ya mapema mara nyingi haionyeshi kitu, na hilo huwapa watu moyo wa kuendelea. Ufa huweza kuchukua wiki 2 au 3 kuonekana.

Na vidonge vya maumivu usivimeze kabla ya kukimbia. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo za mtu anayetoka jasho jingi tayari zina shida ya maji. Tena huzima kengele uliyokuwa unahitaji kuisikia.

Joto, maji na tende

Miaka hii Ramadhani inaangukia katika jua la kaskazi, na kwa kuwa inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, itaendelea kukaa humo kwa muda. Mbio za katikati ya mwaka zinakuja wakati wa kipupwe, kukiwa na afadhali. Afadhali ya joto, lakini hewa yetu haiachi unyevu. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka kwenye ngozi. Linalodondoka chini halijapoza chochote. Uwezo wa kuvumilia joto umefungamana na ule utegili tuliouanza nao, kwa hiyo nao hupotea ukiacha, na hurudi kwa siku 10 hadi 14 za mbio katika hali ya hewa ileile. Wiki 2 za mwanzo, kwa hiyo, toka saa 11 na nusu alfajiri na uwe umerudi kabla ya saa 1 asubuhi.

Kuhusu kunywa, hofu ya kiu imetupeleka upande wa pili. Katika marathoni ya Boston ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 kati yao walikutwa na upungufu wa chumvi ya sodiamu. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa hadi uzito wao ukaongezeka, na waliotumia zaidi ya saa 4. Msomaji aliyeacha mazoezi ajitazame hapo: wewe ndiye utakayekwenda polepole, na kila kituo cha maji utakifikia una nafasi ya kusimama na kugida. Kunywa ukihisi kiu. Jipime kwenye mizani kabla na baada ya mbio ndefu moja. Kilo 1 iliyopungua ni karibu lita 1 ya jasho, na usijaribu kuirudisha yote hukohuko njiani.

Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho letu linatoa sodiamu. Tia chumvi kidogo. Au tengeneza maji yaleyale ya mtoto anayeharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Ni rahisi kuliko chupa za rangirangi, na nadhani yana kazi sawa.

Sasa yale mafuta na sukari niliyoahidi. Mwili hauna ghala kubwa la sukari. Unachokihifadhi kwenye misuli na ini kinatosha saa 2 hivi za mbio za nguvu. Mwenye mazoezi huchanganya na mafuta, ghala lake likachelewa kuisha. Aliyeacha ana mitokondria chache, anachoma sukari kwa wingi hata kwa mwendo mdogo, na akiikimbiza kasi yake ya zamani miguu itazimika kama taa iliyoishiwa mafuta. Dawa ni mwendo wa chini na kula njiani. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa ndizo zinazopendekezwa. Tende ndogo moja ina gramu 5 au 6, basi tende 6 kwa saa zinakufikisha mwanzo wa kipimo hicho. Zijaribu kwanza mazoezini, tumbo nalo hupoteza mazoea. Halua iache, ina samli na itakukaa kifuani.

Na anayeisoma makala hii kabla ya Ramadhani ana nafasi ambayo mimi sikuitumia. Utafiti wa 1981 ulionyesha kuwa watu waliopunguza mazoezi kutoka siku 6 hadi 2 kwa wiki walihifadhi uwezo wao wa oksijeni kwa wiki 15, madhali kasi na muda wa kila zoezi havikupunguzwa. Siku 2 baada ya tarawehe, dakika 40, maji karibu. Mfupa nao ukipata mishindo yake michache ya wiki, mwezi ukiandama hutakuwa na kalafati kubwa ya kuanza.

Kuvuka

Siku 10 za mwisho kabla ya mbio hazijengi kitu. Punguza umbali hadi nusu, acha mbio fupi mbili tatu za kasi ili miguu isilale, na mbio ndefu uliyoikosa isamehe.

Kwa tunaotoka Pemba kuna jambo ambalo ratiba za wageni hazilijui, nalo ni boti. Mbio za kipupwe zinakutana na kusi, na mkondo baina ya Pemba na Unguja unapochafuka, abiria mzima hutapika kuanzia Mkoani mpaka bandari ya Malindi, mjini Unguja. Kutapika ni kupoteza maji na chumvi, na chakula cha siku nzima. Mwaka niliofanikiwa kukimbia nilivuka Alkhamisi kwa mbio za Jumapili, nikala wali na muhogo kwa jamaa zangu upande wa Ng'ambo mjini, na urojo nikaukataa mpaka Jumapili mchana, jambo lililomuudhi shangazi.

Nilikimbia dakika 9, nikatembea dakika 1, hivyohivyo tangu mwanzo. Nikamaliza kwa saa 2 na dakika 31, nyuma ya watu ambao zamani niliwatangulia. Jumatatu boti ilipofunga Mkoani, mapaja hayakukubali kabisa kuteremka, na nilishuka ngazi kinyumenyume nikishika bomba, mchukuzi mmoja akiniuliza kama nimesahau kitu ndani.